Kusoma Ngozi ya Maiti: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza Kazi ya Uchunguzi

Uchunguzi wa maiti huharibika mara nyingi kabla kisu hakijashikwa. Mwili unageuzwa, unavuliwa nguo, unaoshwa kwa nia njema ya kumsitiri marehemu, ndipo daktari anaitwa. Kufikia hapo mengi ya yale ambayo ngozi ingeeleza yamekwisha futika.

Mwongozo huu ni wa daktari kijana, tabibu au mpelelezi anayepaswa kuutazama mwili kwa macho na mikono kabla ya upasuaji. Nimeuandika nikiwa na hofu moja kubwa: alama nyingi zinazoonekana kwenye ngozi ya maiti hutokea baada ya mtu kufa, na nyingi zinafanana na majeraha. Ukiandika "jeraha" mahali pasipo jeraha, kuna mtu atakayehojiwa, pengine atakayefungwa, kwa jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini utaniona nikirudi kwenye swali moja: je, alama hii ilitokea wakati damu ikizunguka, au baada ya damu kusimama?

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa

Andika kwanza saa uliyofika na joto la hewa mahali pale. Tumia mfumo wa saa 24, maana "saa nane" ya mazungumzo na saa nane ya kwenye fomu ni vitu viwili, na mbele ya mahakama tofauti hiyo ya saa sita inaweza kubomoa ripoti nzima. Kisha andika mwili ulivyolala: chali, kifudifudi, ubavu, umeketi au unaning'inia. Ulikuwa juu ya sakafu baridi, godoro, udongo au ndani ya maji? Jua liliufikia? Umewahi kuwekwa kwenye jokofu? Nani aliugusa, na alifanya nini? Kama kuna waliojaribu kumwokoa kwa kumkandamiza kifua, watakuwa wameacha michubuko kifuani, na ni lazima uijue kabla hujaikuta.

Piga picha za mbali, kisha za karibu zenye rula pembeni mwa alama. Mwanga uwe mweupe, na mwanga wa mchana ukipatikana ndio bora. Taa ya manjano huifanya ngozi iliyopauka ionekane yenye umanjano wa ugonjwa, na turubai la buluu likiwa juu yako kila mtu chini yake ataonekana kana kwamba alikosa hewa.

Usikate nguo wala kuzivua kwa haraka. Mishono, mikanda na vifungo vitakusaidia baadaye kueleza alama zilizo chini yake.

Hatua ya 2: Mabadiliko ya mapema

Moyo ukisimama, ngozi hupauka ndani ya dakika chache, kwa kawaida katika nusu saa ya kwanza. Hupoteza pia unyumbufu wake: ukiibonyeza, hairudi haraka kama ya mtu aliye hai, na sehemu zilizolalia kitu kigumu hubaki bapa. Kwenye ngozi nyeusi weupe huu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tazama ufizi, midomo, ndani ya kope, viganja na nyayo.

Saa chache baadaye unaweza kukuta vipele vidogo mapajani na mikononi, kama vya mtu aliyesisimkwa na baridi. Ni misuli midogo ya vinyweleo inayokakamaa pamoja na misuli mingine ya mwili. Havithibitishi kwamba marehemu alikufa kwa baridi wala kwa woga, ingawa utawasikia watu wakisema hivyo.

Hatua hii haina mengi, na mtu hapaswi kujenga hoja juu yake.

Hatua ya 3: Madoa ya damu iliyotuama

Hapa tulia. Kama una saa moja tu ya kuutazama mwili, tumia sehemu kubwa ya saa hiyo hapa.

Damu isiyosukumwa na moyo hufuata uzito wake. Hushuka kwenye mishipa midogo ya upande wa chini wa mwili na kuipa ngozi rangi ya zambarau au bluu iliyokoza. Vidoa vya kwanza vinaweza kuonekana baada ya dakika 20 hadi 30, ingawa mara nyingi huonekana wazi baada ya saa 1 au 2. Vidoa huungana na kuwa mabaka makubwa katika saa chache zinazofuata, na rangi hufikia ukolezi wake kati ya saa 6 na 12.

Mahali ambapo mwili umebanwa na sakafu, damu haiwezi kuingia kwa kuwa mishipa imekandamizwa. Mtu aliyelala chali atakuwa na mabaka mgongoni, lakini mapande ya bega, matako, mashavu ya miguu na visigino vitabaki vyeupe. Mikanda, bendi za soksi na mikunjo ya shuka huacha mistari myeupe namna hiyo hiyo. Kola iliyobana inaweza kuacha mstari mweupe shingoni unaofanana kabisa na alama ya kamba. Mtoto mchanga mnene huwa na mistari hiyo kwenye mikunjo ya shingo hata bila nguo. Ukiona mstari wa namna hii, tafuta mchubuko wa ngozi na damu iliyovilia chini yake. Kisipokuwapo hata kimoja kati ya hivyo viwili, rudi kwenye nguo alizovaa, uzilinganishe na mstari huo.

Kwa mtoto aliyefia kifudifudi, pua na sehemu ya kuzunguka mdomo hubaki nyeupe huku mashavu yakiwa mekundu-zambarau. Weupe huo peke yake hauthibitishi kwamba aliwekewa mto usoni. Unaeleza tu kwamba uso ulikuwa umelalia kitu. Wazazi wa mtoto aliyekufa ghafla tayari wana mzigo wa kutosha, nasi tusiwaongezee kwa kusoma vibaya.

*Bonyeza.* Weka kidole gumba juu ya doa, ukandamize kwa sekunde chache, kisha uachie. Rangi ikitoweka chini ya kidole, damu bado inahama. Isipotoweka, doa limeganda mahali pake, kwa sababu maji ya damu yamekwisha vuja nje ya mishipa na kuacha chembe nyekundu zimebanana, na baadaye rangi yenyewe ya chembe hizo imeingia kwenye nyama. Kuganda huku kwa kawaida hutokea kati ya saa 6 na 12, lakini kunaweza kuchelewa zaidi ya hapo, hasa penye baridi. Usiandike saa moja kamili. Andika ulichokiona: "madoa yanafifia yakibonyezwa" au "hayafifii," na saa uliyobonyeza.

*Linganisha na mkao.* Hii ndiyo faida kubwa ya madoa haya. Si saa nzuri ya kupimia muda wa kifo, lakini ni shahidi mzuri wa jinsi mwili ulivyolala. Mtu aliyekufa kwa kujinyonga na kubaki ananing'inia atakuwa na madoa miguuni, viganjani na sehemu ya chini ya mikono. Ukimkuta ananing'inia huku madoa yaliyoganda yako mgongoni, mwili huo ulilala chali kwa saa kadhaa kabla haujaning'inizwa. Mwili ukigeuzwa mapema, damu huhama nao; ukigeuzwa katikati, utakuta madoa pande zote mbili, ya kwanza yakiwa yamefifia; ukigeuzwa baada ya kuganda, madoa hubaki yalipokuwa. Lakini kabla hujamwita mpelelezi, uliza kwanza kama ni ndugu waliomgeuza ili kumfunga taya.

*Soma rangi.* Nyekundu ya kung'aa hukufanya uwaze kaboni monoksaidi. Kwa kawaida huonekana wakati hemoglobini (rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) iliyoshikwa na gesi hiyo inapokuwa asilimia 30 hivi au zaidi. Ukiiona ndani ya chumba kilichofungwa chenye mkaa, jenereta au gari, toka nje kwanza na ufungue milango, maana gesi hiyo haina harufu na inaweza kuwa bado ipo ikikusubiri wewe. Sumu ya sianidi nayo huacha wekundu, kwa kuwa seli hushindwa kutumia oksijeni na damu hurudi nayo. Rangi ya kahawia hutokana na sumu zinazobadilisha hemoglobini, kama nitriti na klorati. Ila baridi ya jokofu, au maji baridi, huifanya rangi ya madoa kuwa waridi bila sumu yoyote. Ndiyo maana nilisisitiza uulize habari za jokofu. Rangi hukuambia uchukue damu ipelekwe maabara; jibu lenyewe litatoka maabara.

Madoa yakiwa hafifu sana au hayapo, fikiria kupoteza damu nyingi, ndani au nje, au upungufu mkubwa wa damu wa muda mrefu.

Kwenye ngozi nyeusi sana kazi hii inahitaji subira. Linganisha upande wa chini na wa juu wa mwili ukiwa na mwanga mkali. Tazama kucha, viganja, nyayo, ufizi na nyuma ya masikio. Ukiwa bado na shaka, subiri upasuaji, upasue ngozi sehemu zote mbili na ulinganishe nyama iliyo chini. Usiandike "hakuna madoa" eti kwa sababu hukuyaona kwa tochi ya simu.

Hatua ya 4: Tenganisha madoa na damu iliyovilia

Pigo husababisha mishipa kupasuka, damu ikatoka na kuingia kwenye nyama. Doa la kifo, yaani lile la damu iliyotuama, ni damu iliyobaki ndani ya mishipa. Tofauti zote zinatokana na ukweli huu mmoja. Palipovilia damu pengine pamevimba, pana mchubuko juu yake, pana mpaka wake usiofuata mvuto wa ardhi, na panaweza kuwa upande wa juu wa mwili. Doa la kifo liko upande wa chini, limelala bapa, na mpaka wake hufuata mkao.

Shaka ikibaki, pasua. Damu ya doa hutiririka kutoka kwenye mishipa iliyokatwa, na ukiimwagia maji inaondoka. Damu iliyovilia imeshikamana na nyama, haioshwi. Chukua kipande kwa ajili ya darubini. Njia hii hudhoofika mwili unapoanza kuoza, kwa sababu damu iliyoharibika hutia rangi kila mahali; hapo kuwa mkweli, uandike kwamba haiwezekani kutofautisha.

Kwenye sehemu za chini zilizojaa damu kwa saa nyingi, mishipa midogo hupasuka kwa uzito na kuacha vidoti vyeusi. Vinaitwa madoa ya Tardieu, kwa jina la daktari Mfaransa Ambroise Tardieu wa karne ya 19. Kichwa kikiwa kimening'inia nje ya kitanda, vidoti hivyo hujaa usoni na kumfanya marehemu aonekane kama aliyekabwa koo. Vidoti vya kukabwa havitegemei mkao. Tazama ndani ya kope, na utazame shingo kwa makini tabaka kwa tabaka.

Watoto wachanga wengi, hasa wenye ngozi nyeusi, huzaliwa na baka la buluu-kijivu kiunoni au matakoni. Si kipigo. Kisu na darubini vitaonyesha hakuna damu iliyovuja.

Hatua ya 5: Kukauka

Ngozi ya maiti hupoteza maji na hairudishiwi. Midomo, ncha za vidole, ncha ya pua na pumbu hugeuka kahawia na kuwa ngumu. Midomo ya mtoto ikikauka hivi, wengi huandika kwamba alimezeshwa kitu kinachounguza. Mchubuko mdogo ambao siku ya kwanza ulikuwa hauonekani utakauka na kuwa mgumu kama ngozi ya ngoma, wa manjano-kahawia.

Macho yakibaki wazi, ukanda wa kahawia unaoelekea weusi hujitokeza kwenye weupe wa jicho, pande mbili za mboni, saa chache baada ya kifo. Si damu.

Mtakutana pia na familia inayosema ndevu za marehemu zimeota usiku kucha. Msiwabeze. Ngozi imesinyaa ikarudi nyuma, na shina la unywele lililokuwa ndani limejitokeza. Kucha vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Wadudu na wanyama

Nilipokuwa najifunza niliandika "michubuko mingi, pengine ya kuburutwa" kwenye fomu ya mzee aliyekutwa amelala nyumbani kwake. Mwalimu wangu alinirudisha chumba cha maiti, akanipa lenzi, akakaa kimya. Zilikuwa alama za sisimizi, zimejipanga pale pale mkanda wa suruali ulipokuwa. Kwa saa ile moja, mpwa wa mzee alikuwa tayari ameanza kuhojiwa.

Sisimizi na mende hula tabaka la juu la ngozi, na hupenda midomo, pua, kope, makwapa, kinena na ukingo wa nguo. Huacha vijishimo vya manjano-kahawia vyenye kingo zilizochongoka bila mpangilio, mara nyingine katika mstari. Hakuna wekundu kuzunguka, hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovilia chini yake. Panya hung'ata ngozi na kuacha kingo zenye meno meno. Tahadhari moja tu: sehemu yenye damu iliyojaa ikitafunwa inaweza kutoa damu hata baada ya kifo, kwa hiyo damu nje ya ngozi si ushahidi wa uhai. Tumia lenzi kila mara.

Hatua ya 7: Mwili uliotoka majini

Ngozi ya vidole hukunjamana na kupauka kama ya mtu aliyefua nguo siku nzima. Huanza kwenye ncha za vidole, katika maji ya vuguvugu ndani ya saa 1 hivi, kisha hupanda viganjani na nyayoni. Baada ya siku kadhaa ngozi nene ya mkono huachana na nyama na kuvuka nzima kama glavu, pamoja na kucha. Usiitupe: mtaalamu anaweza kuivaa juu ya kidole chake chenye glavu na kuchukua alama za vidole, na kwa njia hiyo maiti asiye na jina akapata jina.

Mikunjo hii haithibitishi kwamba alikufa maji. Maiti iliyotupwa mtoni hukunjamana vivyo hivyo.

Hatua ya 8: Kuoza

Rangi ya kijani huanza chini kulia kwa tumbo, mahali utumbo mpana unapoanzia na bakteria ni wengi. Gesi yao yenye salfa huungana na hemoglobini. Penye joto la wastani huonekana baada ya siku 1 hadi 2. Penye joto kali inaweza kuonekana siku ile ile. Halafu mishipa ya juu hujichora kwa rangi ya kijani-nyeusi kama mizizi ya mti mabegani, kifuani na mapajani. Mwili huvimba, malengelenge yenye maji mekundu hutokea, na tabaka la juu la ngozi huambuka likiguswa tu. Malengelenge hayo hudhaniwa kuwa ya moto, lakini ya mtu aliyeungua akiwa hai kwa kawaida yana ukingo mwekundu.

Maji mekundu-meusi hutoka puani na mdomoni kwa msukumo wa gesi. Watu wataapa kwamba alitapika damu au alipigwa kichwani. Eleza kwa upole kwamba si hivyo, kisha upasue kichwa na kifua ili uwe na hakika.

Ngozi ya juu ikiambuka, futa taratibu kwa kitambaa chenye maji: chale na michoro iliyofifia hujitokeza upya kwenye tabaka la chini, wakati mwingine wazi kuliko alipokuwa hai.

Kuna kanuni ya zamani ya daktari Mjerumani Johann Ludwig Casper: wiki 1 hewani ni sawa na wiki 2 majini na wiki 8 ardhini. Ni kipimo cha kukadiria tu. Joto, unene wa mwili, nguo na funza hukibadilisha sana.

Penye ukavu na upepo, ngozi hukauka ikawa ngumu, ya kahawia, imeshikamana na mifupa, na majeraha yanaweza kuhifadhika kwa miaka. Penye unyevu na hewa kidogo, mafuta ya mwili hugeuka kitu kama nta au sabuni, cheupe-kijivu, katika wiki au miezi. Zote mbili zina thamani, kwa sababu sura na alama za shingo zinaweza kusomeka muda mrefu baada ya kifo.

Hatua ya 9: Kuandika, kisha kurudi

Eleza kwanza, tafsiri baadaye. "Doa la zambarau, sentimita 6 kwa 4, upande wa nje wa paja la kulia, halififii likibonyezwa, nyama chini yake safi" ni sentensi ambayo mtaalamu mwingine anaweza kuipima. "Alama ya kipigo" haipimiki. Chora kila alama kwenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Makadirio ya muda yaandike kama masafa, yakiunganishwa na joto la mwili na ukakamavu wa misuli.

Halafu mwili ukiwa bado haujakabidhiwa kwa familia, rudi kesho yake uutazame tena, hata kama ripoti imekwisha. Damu ikishatoka mishipani baada ya upasuaji na ngozi ikakauka, michubuko na damu iliyovilia ndani sana ambavyo jana havikuonekana hujitokeza. Nenda na kamera, rula na fomu ile ile, na uandike saa ya pili ya uchunguzi chini ya ile ya kwanza.